Baba Yangu Hana Mtani Mhindi

Mikumi
9 Agosti 1965

Kaka Wensi,

Shikamoo. Funga mlango wa duka kwanza, ndipo usome. Barua hii sikuipeleka posta. Nimempa Beda, gadi wa treni, mkononi, na nimemwapisha asiitoe mfukoni mpaka akuone wewe mwenyewe umesimama nyuma ya chupa zako za dawa.

Baba hajarudi. Mkutano wa TANU wa wilaya, ule wa kuwapigia kura wagombea ubunge, ulikwisha Alhamisi. Yeye alikwenda kama mjumbe na wewe kama mgombea, kwa hiyo najua unajua. Wajumbe wenzake wa Masanze wamerudi bila yeye. Nimetuma mtu kuwauliza. Mmoja akasema anaumwa jino, mwingine akasema hakuona kitu kwa sababu alikaa nyuma. Mzee wa miaka sitini na tano amepotea, watu wazima wananiletea habari za meno. Beda ndiye aliyeniambia kwamba Ijumaa asubuhi alimwona kituo cha polisi Kilosa, amekaa kwenye benchi, kofia mapajani.

Ijumaa hiyohiyo mchana wakaja mabwana wawili hapa shuleni kwa Landrova. Mwalimu Mkuu akaniita nitoke darasani. Watoto walibaki wanaimba jedwali la saba. Waliniuliza habari za Baba na wewe. Niliwajibu vizuri, usiwe na wasiwasi, sikukutaja kwa ubaya.

Nadhani kosa lake nalijua. Ni ile fomu yako. Katika wale wadhamini ishirini na watano, dole gumba la Baba ndilo la kwanza, na huku mitaani wanasema Mhindi amenunua wadhamini kwa sukari na kanga. Nilimwambia mapema: Baba, mgombea mwenye rangi ya Kihindi, acha wengine watie dole kwanza. Alinicheka. Alisema, nani amdhamini mtumwa wangu kama si mimi?

Mume wangu Cleopa ndiyo kwanza ameajiriwa kwenye hifadhi ya wanyama. Anataka kila karatasi yenye jina lako niichome. Hii ukishasoma, ichome wewe.

Niambie Baba amefanya nini. Naogopa hata kumuuliza mtu kwa sauti.

Ni mimi mdogo wako,
Fausta Melkizedek


Kilosa
12 Agosti 1965

Mdogo wangu Fausta,

Marahaba. Mlango nimefunga, na mteja mmoja anagonga akitaka kwinini. Atasubiri.

Baba yako hajambo. Nimempelekea chai na mkate mara tatu. Sijaruhusiwa kumwona, lakini vyombo vinarudi vitupu. Kosa lake si fomu, kosa lake ni mdomo.

Siku ile wagombea tulikuwa watano, tumepangwa mbele ya wajumbe kama wachumba wanaokaguliwa. Kila mjumbe ana ruhusa ya kumuuliza mgombea swali. Wenzangu waliulizwa habari za barabara na za pamba. Ilipofika zamu yangu ukumbi ukanyamaza. Ukimya ule naujua tangu utotoni, watu wanakutazama ngozi. Halafu Mzee Melkizedek akasimama, akavua kofia, akasema:

"Ndugu Mwenyekiti, huyu Mhindi ni mwizi. Ameniibia kuku. Mama yake amekalia shamba langu Masanze miaka kumi na minane na halipi kitu. Mkimpa ubunge atatuuza sote kwa ratili. Bora mnipe mimi nikamtupe Mkondoa, mamba wapate nyama laini."

Wajumbe wa Masanze na wa Mvumi waliangua kicheko wakapiga makofi. Walielewa. Mtu hasemwi hivyo ila na mtani wake, na huwezi kuwa na mtani mahali ambapo wewe si mtu wa pale. Baba yako alikuwa ananiombea kura kuliko mgombea yeyote alivyoombewa siku ile. Na kura zikaja, Fausta. Nimeshika nafasi ya pili. Majina yetu yamepelekwa Dar es Salaam, huko watachagua wawili wa kusimamishwa mbele ya wananchi.

Lakini pembeni ya meza alikaa bwana mmoja mgeni, ametumwa kuandika kumbukumbu, na yeye hakucheka. Kanuni zinakataza mtu kumpinga mgombea kwa rangi, kabila wala dini. Ameandika "Mhindi mwizi". Ameandika "kumtupa mtoni". Baada ya damu iliyomwagika visiwani mwaka jana, maneno hayo yakisomwa kwenye karatasi yanatisha, hata mimi yamenitisha. Wajumbe walimweleza kwamba ni utani. Akajibu kwamba yeye pia ana watani, tena wengi, lakini mtu mwenye utani na Mhindi hajamsikia tangu azaliwe.

Angejua habari ya mwaka wa mafuriko, arobaini na saba. Wewe ulikuwa na miaka minane, labda unakumbuka mvua tu. Mama yangu alikufa reli imekatika pande zote, padri yuko ng'ambo ya mto, Wahindi wenzetu Wagoa wote wako Morogoro. Baba yako alikuwa kibarua wa reli chini ya baba yangu. Alimbeba mama kwa machela mpaka Masanze, akamchimbia kaburi katikati ya makaburi ya ukoo wenu. Halafu akakaa juu ya udongo, akagoma kuondoka mpaka apewe kuku, akaanza kututukana mimi na marehemu mpaka nikacheka machozi yakinitoka. Tangu siku ile ni mtani wangu.

Usiogope. Mambo haya yatanyooka yenyewe. Ichome na hii.

Kaka yako,
Wenceslaus Furtado


Mikumi
14 Agosti 1965

Kaka Wensi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, ikabidi nikae chini.

Kwa hiyo shitaka ni tusi. Si kwamba wewe umemnunua Baba, ni kwamba Baba amekutukana wewe. Una hakika? Niandikie tena kwamba una hakika.

Nina maswali mawili. La kwanza ni la rafiki yangu, mwalimu wa Ruhembe. Kama mtu aliulizwa jambo na wakubwa, akajibu haraka kwa hofu, akaandika na kutia sahihi, na baadaye akaona amejibu vibaya, je, anaweza kurudi akasema vingine? Au ndiyo atahesabiwa kuwa ameidanganya serikali? Wewe umesoma, mambo haya unayajua.

La pili ni lako. Beda anasema watu wa stesheni wanasimulia kwamba yule bwana alikugeukia wewe palepale ukumbini akakuuliza mbele ya wote. Katika barua yako umenieleza kila mtu alichosema siku ile, mpaka mamba umewataja. Wewe ulisema nini?

Fausta


Kilosa
18 Agosti 1965

Mdogo wangu Fausta,

Marahaba. Sikusema kitu.

Yule bwana aliuliza, "Ndugu mgombea, umetukanwa au hukutukanwa?" Baba yako alikuwa bado amesimama, anatabasamu, ananingoja nimrudishie. Ndiyo kanuni, mtani akitupa unarudisha. Ningesema tu kwamba mzee huyu ni mchawi, mfungeni pamoja na mbuzi, ukumbi ungecheka na mambo yangeishia pale. Nilitazama viatu vyangu. Nilihesabu matundu ya kamba. Nikamsikia yule bwana akisema mgombea ameumia, hawezi kujibu. Sikumsahihisha.

Nataka ujue sababu, ingawa haisaidii. Ningesema huyu ni mtani wangu, mama yangu amelala katika ukoo wake, ningekuwa naomba kura kwa kabila, na hilo nalo limekatazwa. Asubuhi ileile mgombea mmoja alikaripiwa kwa kusalimia watu kwa lugha ya kwao. Hiyo ni sababu ya kwanza, na ndiyo ya heshima. Ya pili ni kwamba niliogopa. Nilikuwa nimeketi mbele ya watu wa kwetu nikiwa Mtanzania kama wao, nikaona nikifungua mdomo watamsikia Mhindi tu. Dada zangu Dar es Salaam wamefunga masanduku tangu mwaka jana, na kila barua wananiuliza nangoja nini. Nilitaka ubunge uwajibu.

Jana niliruhusiwa kumwona baba yako. Nikamwambia, "Mzee mwizi, umenenepa kwa chai yangu." Alimgeukia askari akasema, "Mimi na bwana huyu hatujuani." Askari akanionyesha maelezo aliyoyatoa. Amekana utani, amekubali tusi. Nikauliza mtu mzima anajishitaki mwenyewe kwa nini. Wakanionyesha karatasi nyingine, ya kabla yake, waliyomsomea kabla hajasema neno. Imeandikwa: "Baba yangu hana mtani Mhindi. Hana uhusiano wowote na mtu huyo." Chini kuna sahihi. Mwandiko ule ninaufahamu, ndio ulioniandikia orodha ya dawa za shule miaka mitatu.

Mwambie rafiki yako wa Ruhembe kwamba sijui sheria inasemaje. Ila baba yake anakubali kufungwa ili binti yake asionekane mwongo.

Wenceslaus


Mikumi
21 Agosti 1965

Kaka Wensi,

Shikamoo. Hakuna mwalimu wa Ruhembe.

Waliniuliza, baba yako na huyu Mhindi wana nini? Hawakuniambia kuna tusi. Kichwani mwangu mlikuwa na sukari na kanga tu, nikaona wanatafuta rushwa. Nikasema hawana kitu. Wakauliza, hata utani? Nilipaswa kujiuliza kwa nini watu wa serikali wanauliza utani. Lakini mtu mwenye hofu hufunga kila mlango, hata ule wa kutokea. Nikasema hata utani. Wakanipa karatasi, nikaandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri kama wa ubaoni. Nilijiona nimemwokoa Baba. Jioni ile nilikula nikashiba, Mungu anisamehe.

Nimemwambia Cleopa kwamba nataka kwenda Kilosa kuyafuta maneno yangu. Amenijibu kwamba mwalimu aliyeidanganya serikali hafundishi tena, na mume wake halindi wanyama wa serikali, na mtoto wetu ana miezi saba. Hakunikataza. Alisema hayo tu, akachukua kofia yake akaenda kazini, na tangu juzi tunaongea habari za chumvi na kuni.

Mimi si jasiri, Kaka Wensi. Katika nyumba yetu jasiri ni Baba peke yake. Watoto darasani wakiniuliza swali nashituka. Landrova ikipita barabara ya Iringa natoka kwenda kuangalia kama imekata kona.

Sasa nakuuliza wewe uliyemeza ulimi, maana mwingine wa kumuuliza sina. Nani kati yetu atasema? Wewe ukisema unapoteza ubunge. Mimi nikisema napoteza kazi, na labda nafungwa. Tukinyamaza wote wawili tunampoteza Baba. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Basi angalau tupanguse.

Fausta


Kilosa
26 Agosti 1965

Mdogo wangu Fausta,

Marahaba. Habari imetoka Dar es Salaam. Katika majina matano wamerudisha mawili. La kwanza ni la Ndugu Urbanus, mwalimu wa Mvumi. La pili ni langu. Yeye amepewa alama ya jembe, mimi nyumba. Tangu asubuhi duka limejaa watu wanaonishika mkono, wengine hawajapata kunisalimu maisha yao yote. Nimecheka nao.

Mkubwa mmoja wa kampeni ameniita pembeni, akanishauri kwa upole kwamba habari ya yule mzee nisiiguse. Ameniambia mimi ndiye niliyeonewa, watu wananihurumia, nisiharibu. Jumatatu watampeleka baba yako Morogoro, na kutoka huko hawasemi wapi. Kuna sheria ya kumweka mtu mbali bila kesi. Hilo halihitaji kusomea.

Mkutano wetu wa kwanza ni Jumatatu hiyohiyo saa nne, hapa mjini. Treni yenu inaingia saa tatu. Naogopa, Fausta. Sijui nitafanya nini, na nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya tena.

Wenceslaus


Mikumi
28 Agosti 1965

Kaka Wensi,

Shikamoo. Nitakuja kwa treni ya Jumatatu. Tikiti ninayo. Nitaingia ofisini kwao na kusema niliyoyaandika si kweli. Uje stesheni unipokee, maana nikiwa peke yangu miguu haitanifikisha.

Fausta


Kilosa
3 Septemba 1965

Mdogo wangu Fausta,

Nilikuja stesheni. Niliwatazama wote walioshuka mpaka wa mwisho. Beda akaniambia alikuona Mikumi, umesimama kando ya behewa, mtoto mgongoni na tikiti mkononi, na filimbi ikapulizwa na hukupanda. Sikulaumu. Mimi nilitazama viatu, wewe ulitazama treni.

Nikaenda mkutanoni kwa miguu. Ndugu Urbanus alitangulia kusema, akasema vizuri. Mimi nikatambulishwa kuwa ndugu aliyevumilia matusi kwa ajili ya rangi yake. Watu wakanipigia makofi ya huruma. Nikakishika kipaza sauti, kikapiga mluzi. Nikasema hivi:

"Ndugu zangu, Melkizedek Mlewa wa Masanze ni mwizi wa kuku. Alimla kuku wangu udongo wa kaburi la mama yangu haujakauka. Mzee huyu hana haya wala meno. Wiki tatu na zaidi amelala kituo cha polisi anakunywa chai yangu bure. Nataka atolewe leo, akapalilie kaburi la mama yangu, ndiyo kazi yake. Na akifa ni mimi nitakayemzika, na nitamzika kichwa chini."

Halafu bibi mmoja wa Masanze akapiga kigelegele, na uwanja ukacheka mpaka nyuma kabisa. Nilikuwa nimechelewa siku ishirini na tano kumrudishia baba yako.

Yule bwana mgeni hakucheka, lakini kalamu aliiweka chini. Ofisini akanionyesha karatasi yako. Akasema binti amekana, mzee mwenyewe amekana, ni mimi peke yangu ninayedai utani, na labda namtetea kwa sababu nilimnunua. Nikamwambia twende Masanze. Tukaenda kwa Landrova yake. Makaburi ya ukoo wenu yamefunikwa na nyasi kavu mpaka kiunoni. Moja tu limefyekwa, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na msalaba umeandikwa Maria Piedade Furtado. Akauliza nani analitunza. Nikasema, yule mwizi. Akavua kofia, halafu akasema turudi.

Jumanne baba yako aliachiliwa. Jumatano mimi niliondolewa, kwa kosa la kuleta mambo ya ukoo katika kampeni. Nafasi yangu amepewa aliyekuwa wa tatu. Yule bwana alikuja dukani mwenyewe kuniambia. Alisema kanuni ni kanuni, akaniomba radhi, akanunua dawa ya kikohozi.

Karatasi yako bado iko ndani ya faili. Sijui kama kuna atakayeiuliza siku moja. Nilifikiri nisikuambie, lakini tumeshafichana vya kutosha.

Kaka yako,
Wenceslaus


Mikumi
14 Septemba 1965

Kaka Wensi,

Shikamoo. Baba yuko kwangu. Amekonda, lakini anakula. Hataniani tena.

Jumapili walikuja watani wetu wa Ruhembe kumpa pole. Wakamwibia kofia, wakamwondolea kiti, wakamwambia jela imemkataa kwa sababu ananuka. Zamani angewakimbiza na fimbo uwanja mzima. Safari hii aliwaambia, asanteni kwa kuja. Walirudisha kofia wenyewe, wakaaga mapema.

Mimi ananiita Mwalimu. Jina langu hajalitaja tangu arudi. Nikianza kumwomba msamaha ananiuliza kama mtoto amelala. Landrova ikipita anaiweka kofia mapajani na kuishika kwa mikono miwili mpaka mlio uishe. Nami nafanya vilevile na leso yangu.

Jana aliniambia nikuandikie. Nimeandika alivyosema, sikuongeza wala sikupunguza:

"Kwa Bwana Furtado, Kilosa. Salamu. Nashukuru kwa chai. Nashukuru kwa uliyosema uwanjani. Kaburi la marehemu mama yako nimeliacha safi. Kuanzia sasa tafadhali utafute mtu mwingine wa kulipalilia, maana mimi si mtani wa mtu. Binti yangu aliandika hivyo, na maneno ya binti yangu ni ya kweli. Wako mtiifu, Melkizedek Mlewa."

Dole gumba hilo ni lake. Kalamu niliishika mimi, Kaka Wensi, mara ya pili.

Fausta


Mikumi
17 Oktoba 1974

Kaka Wensi,

Shikamoo. Sina hakika kama barua hii itakukuta. Nimesikia dada zako wote wameshaondoka nchini, umebaki peke yako na duka. Beda anastaafu mwezi ujao, lakini leo bado ni gadi, na ameapa atakufikia kabla ya magharibi.

Baba amefariki leo asubuhi.

Miaka tisa alikuita Bwana Furtado. Kila Krismasi ulikuja na kuku amefungwa miguu, ukamtukana mlangoni, naye akampokea kwa mikono miwili akasema asante sana, Bwana. Nilikuwa naona unavyoondoka, nikawa naingia jikoni nisikutazame. Najua pia kwamba kaburi la mama yako umelipalilia mwenyewe miaka yote hiyo, na la mama yangu ukalipalilia pamoja.

Juzi homa ilipompanda aliniita. Aliita Fausta, si Mwalimu. Akasema, "Nikifa mwiteni yule Mhindi mwizi. Alisema atanizika kichwa chini. Tuone kama anaweza." Halafu akacheka, kidogo tu, nikadhani anakohoa. Nikamwomba msamaha kabla hajaniuliza habari za watoto. Akanishika mkono huu wa kulia akaung'ang'ania.

Sasa sikiliza. Kule Masanze ya zamani hakuna mtu. Wote wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara, makaburi yamebaki peke yake huko nyuma. Katibu wa kijiji anasema watu wazikwe makaburi mapya, na anayetaka kuzika kule lazima aandike sababu, atie sahihi, na karatasi ibaki ofisini. Aliponisogezea karatasi, niliikumbuka ile nyingine. Nilikuwa mwalimu mwenye umri wa miaka thelathini na mitano, naogopa kama siku ile ya jedwali la saba. Cleopa akaninong'oneza niache, udongo ni udongo. Ya kwanza niliichafua kwa wino. Ya pili niliandika hivi:

"Naomba baba yangu, Melkizedek Mlewa, azikwe Masanze ya zamani, kando ya kaburi la Maria Piedade Furtado, alilolichimba yeye. Atazikwa na mtani wake, Wenceslaus Furtado wa Kilosa, Mhindi. Mwaka 1965 niliandika na kutia sahihi kwamba baba yangu hana mtani Mhindi. Niliandika uongo. Fausta Melkizedek, mwalimu, Mikumi."

Katibu aliisoma mara mbili. Akaniuliza kama nina hakika na maneno yale ya mwisho, maana karatasi haitoki ofisini. Nikamwambia ninayo. Akapiga mhuri. Cleopa, yeye aliyesema niache, ndiye aliyekwenda kuazima gari la hifadhi.

Tunakungoja Masanze kesho saa nne. Jembe lipo. Kuku nimeshamfunga miguu, ila hutapewa kimyakimya. Kaa juu ya udongo umdai kwa kelele, watu wote wasikie.

Ni mimi,
Fausta, binti wa yule mwizi